Maduhu Alisema Nyumba Nne

Saa kumi na mbili asubuhi Maduhu Shija tayari yumo ndani ya tope hadi magotini. Analikanyaga taratibu, akizunguka shimo kwa upande mmoja, na kila baada ya mizunguko michache anainama, anachota tonge, analifinya kiganjani, kisha analitupa. Bado halijaiva.

"Huu ni udongo wa kichuguu," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiukanyaga mbiombio utakukubalia leo, halafu mvua ya kwanza inakuaibisha mbele za watu."

Pembeni yake zimesimama nguzo za nyumba ya saba anayoijenga tangu Julai mwaka huu wa 1953, katika kitongoji cha Mwasenge, upande wa Mwakitolyo, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli kutoka Shinyanga mjini. Fito zimefungwa kwa kamba za magome, na kila fundo amelivuta mara mbili kulijaribu. Bati kumi na nne zimeegemezwa kwa jirani, zimefunikwa magunia ili mng'ao wake usitishe ng'ombe.

Nyumba hii ni ya mjane mmoja ambaye yake ilianguka katika mafuriko ya Machi. Zile sita za kwanza nazo ni za majirani. Kamati ya Mafuriko humlipa Maduhu shilingi thelathini kwa kila nyumba, na kila nyumba humchukua siku kumi, au kumi na mbili kama maji ya kukandia yako mbali.

Yeye mwenyewe hana nyumba.

Yake pia ilianguka Machi. Tangu siku hiyo yeye na mkewe Bernadina wanalala kwenye kibanda cha mabua alichokiegemeza kwenye zizi. Mama yake mzazi, Mageni, ambaye hajui ana miaka mingapi na hapendi kuulizwa, analala kwenye jiko la watu pamoja na dada yake Maduhu, Milembe, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Wanajikunja kati ya mafiga na mitungi. Mvua huanza Novemba, na sasa ni Septemba.

Ukimuuliza fundi huyu imekuwaje awajengee wengine huku mama yake akilala kwenye moshi, hucheka kidogo kabla ya kujibu, kicheko kisicho na furaha yoyote.

"Kwa sababu nilisema kweli," anasema. "Nina miaka arobaini na saba. Karani wa serikali nimemwambia kweli yote mara moja tu maishani. Umeona mwenyewe."

Maduhu si mtu wa kuamini haraka, na haoni sababu ya kuomba radhi kwa hilo. Mwaka 1938 alikwenda kwa miguu hadi kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, akapewa kazi ya kusimamisha magogo ya kuzuia mwamba usiporomoke. Kila kibarua alikuwa na kipande, kadi yenye vyumba thelathini, na kila siku ya kazi ilitiwa alama chumba kimoja. Kadi ikijaa, unalipwa. Ya Maduhu ilijaa baada ya siku arobaini na tatu.

"Toa Jumapili sita," anasema, akihesabu kwa vidole vyenye tope. "Siku saba zimekwenda wapi? Nyapara alisema nilikuwa mgonjwa. Mimi sikuwa na habari kwamba nilikuwa mgonjwa."

Vita vilipokuja, wakaja na watu wa kukusanya ng'ombe wa jeshi. Jirani yake alisema anao kumi, wakachukuliwa wawili kwa bei waliyoipanga wao. Maduhu alisema anao watatu, hakuguswa. Alikuwa nao tisa. Baadaye mjomba wake kule Uzinza aliambiwa ahame kwa miezi mitatu tu, hadi mbung'o waishe. Mpaka leo hajarudi, na mbung'o inasemekana wamestawi.

Hivyo ndivyo mtu anavyojifunza kujibu. Karani wa kodi alipopita kila mwaka akiuliza Maduhu ana nyumba ngapi, jibu lilikuwa moja. Ya mama yake aliiita ghala, na karani, ambaye naye hakutaka kuzunguka juani, aliandika alichoambiwa.

Kisha yakaja mafuriko.

Mwasenge ilikuwa chini, mbugani, kwenye udongo mweusi unaoshika maji na kuyang'ang'ania. Machi 14, baada ya siku tatu za mvua, mto ulipanda ukaingia uani kwa watu. Nyumba ya udongo haianguki kwa kishindo. Hulegea kwanza miguuni, ukuta unainama, halafu paa linakaa chini na kila kitu ndani yake. Hadi mchana nyumba ishirini na tatu zilikuwa zimelala. Hakufa mtu, ila kuku waliisha na mbuzi wengi walisombwa.

Ilikuwa mara ya tatu katika miaka kumi na sita. Mara mbili za kwanza watu walijikusanya, wakakata miti, wakajenga palepale, kwa kuwa mbuga ndiyo inayotoa mpunga na dengu, na kisima kiko karibu. Serikali haikusema neno. Safari hii ilisema.

Mwishoni mwa Aprili mwanangwa, yaani mkuu wa kitongoji, aitwaye Masele, aliwaita watu na kuwasomea tangazo. Hazina ya Serikali ya Wenyeji, pamoja na fungu kutoka Serikali Kuu, itajenga upya makazi ya waliopatwa na mafuriko. Kila nyumba iliyoanguka itapewa miti, bati kumi na nne, misumari na malipo ya fundi. Sharti ni moja, kwamba nyumba mpya zijengwe juu kwenye kichanga, ardhi ya mchanga, si mbugani.

"Ni mkopo wa miaka mingapi?" mtu mmoja aliuliza.

"Si mkopo," Masele alijibu. "Hamtarudisha kitu."

Hapo ndipo watu walipoogopa.

Maduhu anaikumbuka vizuri siku ile. Mkopo wangeuelewa. Kodi wanaijua. Lakini serikali kutoa bati bure kwa watu ambao jana ilikuwa ikiwadai, hilo lilihitaji kuchunguzwa. Kabla jua halijazama maelezo yalishapatikana. Wengine walisema zinahesabiwa nyumba ili mwakani kodi ipande. Wengine walisema mwenye bati atatambulika kwa mbali, na wa nyasi atasahauliwa. Na wengi walisema kwa sauti ya chini kwamba chini ya mbuga kuna dhahabu.

Ushahidi ulikuwepo. Wiki moja kabla ya tangazo, watu wawili wenye kofia walipita mbugani wakichomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu. Hawakusalimu mtu.

"Majirani waliniambia, wewe umekaa mgodini, katazame," anasema Maduhu. "Nami nilikuwa nimeshaamua kwenda hata wasingesema."

Alikwenda asubuhi na sululu na karai. Alichimba chini ya kijiti kimoja, kisha cha pili. Mwishowe akachimba katikati ya sakafu ya nyumba yake mwenyewe iliyoanguka, akachota udongo, akauosha kwenye karai kama alivyoona wanaume wa Geita wakifanya, akizungusha maji na kumwaga, akizungusha na kumwaga. Bernadina alisimama pembeni mikono kiunoni, akimtazama mumewe akitafuta dhahabu mahali ambapo yeye amefagia miaka kumi na minne.

Alipata msumari mmoja na shanga mbili.

"Hapo nikachanganyikiwa," anasema. "Kama kuna dhahabu, naielewa serikali. Kama hakuna, wanataka nini?"

Vile vijiti, ilikuja kujulikana, vilikuwa vya kuonyesha maji yalifika wapi. Maduhu alikwenda kuvitazama tena kimoja kimoja, na kweli, kila kimoja kilisimama kwenye mstari wa takataka ulioachwa na mto. Jambo dogo, lakini lilimgusa. Kwa mara ya kwanza alijiuliza kama inawezekana watu hawa wakawa wanafanya kile wanachosema wanafanya. Mama yake alikuwa ameanza kukohoa. Mwanangwa Masele alikuwa akipita kaya kwa kaya akisema: tajeni nyumba zote zilizoanguka, msifiche hata moja.

"Na za wazee utazitaja?" mama yake alimuuliza jioni moja.

"Masele amesema zote," Maduhu alijibu.

Katika ua wa Msukuma wa kaya za zamani, pembeni ya nyumba za watu, husimama vijumba vya nyasi vinavyomfika mtu kiunoni. Hivyo ni vya masamva, yaani wazee wa ukoo waliokwisha kufa. Huwekewa unga, hutemewa pombe kidogo, huambiwa nani amezaliwa na nani anaumwa. Kwa Kisukuma kijumba hicho kinaitwa *numba*, jina lile lile la nyumba ya kulala mtu. Maduhu alikuwa nazo mbili, ya baba yake na ya babu yake, na mto ulizichukua pamoja na nyingine.

Karani aliyetumwa kuhesabu anaitwa Bashiri Majaliwa, kijana mpole wa Shinyanga mjini, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na biashara akabaki. Kiswahili chake ni kizuri kupita cha kitongoji kizima. Kisukuma chake huishia kwenye salamu. Meza yake iliwekwa barazani kwa mwanangwa, juu kwenye kichanga, na hakushuka mbugani. Chini bado kulikuwa na tope na viatu vyake vilikuwa vipya. Hilo analikiri mwenyewe bila kuzunguka.

Watu walipanga mstari na kujibu kama walivyozoea. Mwenye nyumba tatu alisema moja. Mwenye mbili alisema moja, na moja yenyewe akaongeza kwamba ilikuwa mbovu. Zamu ya Maduhu ikafika.

"Nyumba zako zilizoanguka ni ngapi?" aliuliza Bashiri.

"Nne."

Mstari mzima uligeuka kumtazama.

"Nne?"

"Nne. Yangu na mke wangu. Ya mama. Na mbili za wazee."

"Wazee gani?"

"Baba na babu."

Bashiri aliandika nne. Anasema aliwaonea huruma wale wazee wawili, na wala hakushangaa kwamba hawakupanda kilima kuja mezani. Katika umri huo, nani angewalaumu?

Lori la kwanza lilifika Julai. Majina yakasomwa. Jina la Maduhu lilikuwepo, lakini limekatwa kwa wino mwekundu.

Sababu iliyotolewa ilikuwa fupi. Kamati ililinganisha orodha ya mafuriko na daftari la kodi. Kila mtu wa Mwasenge alikuwa na nyumba moja huku na moja kule, ila Maduhu, aliyekuwa na moja kwenye kodi na nne kwenye bati. Waliodanganya kwa mtindo ule ule wa miaka yote walipewa. Aliyebadili jibu ndiye aliyenaswa.

Kitongoji hakikuwa na fundi mwingine aliyewahi kupigilia bati. Maduhu alijifunza kazi hiyo mgodini, kwenye mabanda ya vibarua. Kwa hiyo mkono ule ule uliolikata jina lake ukamwandikia kazi.

"Nilikubali," anasema. "Ningekataa ningekula nini? Lakini kila lori likija, nilihesabu bati za kila mtu."

Alizikuta kumi na nne, kila nyumba. Hilo halikumtuliza. Yeye aliandikiwa nyumba nne, na mtu aliyeandika ni mmoja. Bati za nyumba nne zimekwenda wapi? Kila Bashiri alipokuja kukagua kazi, Maduhu alimwitikia salamu vizuri, kisha macho yake yakateremka taratibu hadi kwenye vile viatu.

"Nilivinunua sikukuu ya Idi," Bashiri anasema, na bado anaumia akilieleza. "Kwa mshahara wangu. Nilitamani kumwambia, lakini hakuwahi kuniuliza. Alivitazama tu."

Mwisho wa Julai Kamati ilimtuma mkaguzi wake, Bwana Valerian, mtu mzima mwenye miwani na futi ya kukunja. Yeye alishuka mbugani. Udongo ulikuwa umekauka na kupasuka, na sakafu za nyumba zilizoanguka zilionekana wazi. Akapima ya Maduhu. Akapima ya mama. Kisha akafika kwenye miviringo miwili ya udongo, kila mmoja upana wa ungo.

"Na hapa alilala nani?" aliuliza. "Kuku?"

"Baba yangu," alijibu Maduhu.

Mkaguzi alivua miwani. "Bwana Maduhu, sikuja huku kuchezewa. Baba yako alikuwa na urefu gani?"

"Alinizidi. Alikufa mwaka wa nzige."

Bashiri alikuwa amesimama nyuma yao na daftari mkononi. Pale pale alielewa kwamba miezi miwili iliyopita aliwaandikia bati watu wawili walio kaburini.

Mkaguzi naye alielewa, ila kwa namna yake. Alisema wazi mbele ya mwanangwa kwamba hapa kuna njama, karani anaandika wafu na fundi anapokea bati zao. Masele alijaribu kueleza habari ya masamva. Mkaguzi akamuuliza yeye anapata bati ngapi katika mpango huo. Kuanzia siku hiyo Masele akaacha kupita karibu na Maduhu, asije naye akaandikwa.

Ndivyo Mwasenge ilivyokuwa wakati huo. Fundi alimshuku karani, mkaguzi aliwashuku wote wawili, na majirani, ambao kila mmoja alikuwa na nyumba yake au mbili alizozificha, walishuku kwamba Maduhu akibanwa atawataja. Walimletea maziwa. Hakuyanywa.

Katikati ya Agosti Bashiri alikuja na karatasi iliyopigwa chapa. Alikuwa amesimamishwa kazi ya kuhesabu, na alitumwa kwa baiskeli kumaliza aibu aliyoianzisha. Karatasi ilisema: *Mimi, Maduhu Shija, nakiri kwamba mbili kati ya nyumba nne nilizozitaja si nyumba.* Akitia kidole, angepewa vifaa vya zile mbili zilizobaki, yake na ya mama. Asipotia, faili lingefungwa.

Maduhu alitaka isomwe. Ikasomwa. Akataka irudiwe. Kisha akampa Bernadina, aliyejifunza kusoma akiwa msichana kwenye misheni ya Ushirombo, ili ahakikishe kwamba karani anasoma kilichoandikwa.

Kilikuwa ndicho. Maduhu akarudisha karatasi.

"Sitii," alisema.

Bernadina hafichi alivyokasirika. "Mimi nimebatizwa," anasema. "Vijumba vile nilikuwa navifagilia kwa heshima ya mkwe wangu, basi. Nilimwambia, mume wangu, tia kidole, Mungu anajua nyumba ni ipi. Mama amekohoa moshi wa watu miezi mitano, wewe unabishania nyasi?"

Maduhu anajibu sasa, akiwa amesimama ndani ya tope, na sauti inamtoka polepole.

"Nikisema mbele ya karani kwamba nyumba ya baba yangu si nyumba, kesho nikiwa na shida nitamwita aje akae wapi? Na kuna jingine. Karatasi ile inasema nilidanganya. Sikudanganya. Karatasi ya serikali haifi. Mafuriko mengine yakija wataivuta kwenye saraka, waseme huyu ndiye yule."

Bashiri hakuondoka. Aliomba mahali pa kulala kwa mwanangwa, na kwa siku tatu alirudi kila asubuhi kukaa kwenye kigoda karibu na shimo la udongo. Siku ya tatu aliweka karatasi magotini na kusema lililokuwa moyoni.

"Mzee, usipotia kidole, mimi ndiye mwizi. Wameshaniambia. Nina mke na mtoto mchanga."

"Hukuiba?" aliuliza Maduhu.

"Sikuiba. Sikushuka mbugani, basi. Ningeshuka ningeziona, ningekuuliza."

Maduhu anasema ile ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu wa ofisi akitaja kosa lake kabla ya kuulizwa, na hakujua alifanyie nini jambo kama hilo. Kulikataa hakuweza, na kuliamini kulimwia vigumu.

Ni mama yake aliyekata shauri. Mageni alitoka kule jikoni akijishika ukuta, akasimama juani mpaka kikohozi kikamwachia.

"Shikamoo, mama," Bashiri aliinuka.

"Marahaba, baba. Kaa." Akamgeukia mwanawe. "Baba yako aliomba bati?"

"Hapana, mayu. Hakuomba."

"Na babu yako?"

"Hakuomba."

"Basi si mwandike hivyo. Mnagombania nini siku tatu na kijana wa watu?"

Bashiri aliigeuza karatasi. Upande mtupu akaandika kwa mkono: *Nyumba zilizoanguka ni nne. Zinazoombewa bati ni mbili.* Akasoma. Bernadina akasoma. Maduhu akataka yale maneno ya chapa upande wa mbele yakatwe kwa mstari, yakakatwa. Akataka mstari wa pili juu ya ule wa kwanza, ukapigwa. Ndipo akabonyeza kidole kwenye wino na kukikandamiza upande wa nyuma, kisha akaigeuza karatasi kutazama kama wino haujapenya.

Bashiri aliondoka nayo, asijue itapokewaje.

Wiki tatu zilipita. Maduhu alimaliza nyumba ya sita akaanza ya saba. Kwa wiki hizo tatu, anasema, hakulala usingizi mzuri hata siku moja. Akilala anaona kidole chake kwenye karatasi, na watu asiowajua wakikigeuza huku na huku.

Jumatano iliyopita kengele ya baiskeli ilisikika kwenye kichanga. Bashiri alikuwa amerudishiwa daftari lake. Kamati imekubali nyumba mbili za Maduhu. Tena fomu mpya zinazokwenda kwenye vitongoji vingine vya bondeni zimeongezwa maneno matatu. Sasa karani anatakiwa kuuliza: nyumba za kulala watu zilizoanguka ni ngapi? Inasemekana ni Bwana Valerian mwenyewe aliyeyaongeza, bila kueleza yametoka wapi.

Maduhu hakushangilia. Alinawa mikono, akaja kukaa. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja cha kujaza.

"Nyumba ya mama," alisema Bashiri, kalamu mkononi. "Watalala watu wangapi?"

"Mmoja," Maduhu alijibu papo hapo.

Milembe alikuwa anapita na debe la maji kichwani. Alisimama. Bernadina alimtazama mumewe. Mageni, aliyekuwa akichambua mchicha, hakuinua hata macho.

"Wawili," alisema. "Mimi na binti yangu. Au huyu naye ni wa kufichwa?"

Bashiri alishikilia kalamu juu ya karatasi, hakuandika, akingoja.

"Andika wawili," alisema Maduhu.

Alipoulizwa baadaye kwa nini alipunguza, ilhali kusema mmoja kusingemwongezea bati wala kumpunguzia kodi, alikuna shingo na kuacha alama ya udongo. "Ulimi ulitangulia," alisema. "Hata mimi niliusikia ukisema."

Mpango wake sasa ni huu. Nyumba ya mjane itaisha Jumamosi. Lori limeahidiwa wiki ya kwanza ya Oktoba, na miti ya mama ameshaikata, imelala kivulini imemenywa magome. Ya mama itaanza, yake na Bernadina itafuata. Zile mbili za baba na babu atazijenga mwenyewe kwa nyasi, juu kwenye kichanga karibu na ya mama, na hazina haitatoa hata msumari.

Kuhusu lori, anasema ahadi ni ya watu na barabara ni ya vumbi, kwa hiyo yeye anangoja.

"Siwezi kukuambia kwamba naamini," anasema. "Njoo Novemba. Nikisikia mvua inapiga bati, na chini yake mama amelala hajakohoa, hapo uniulize tena."